Anko yupi?

SWALI: Ninaandika hadithi ya upelelezi inayotokea hapa Tanga mjini. Mpelelezi si askari, ni bibi mstaafu wa Ngamiani anayependa kufuatilia nasaba za watu, na kwa ujuzi huo ndiyo anagundua nani kamuua mwenye nyumba. Je, nimwite mwanajenealojia au mwananasaba? Na michoro yake ya vizazi niiite "mti wa familia"? Nimeambatanisha ukurasa wa kwanza. (Msomaji, Chumbageni, Tanga)

JIBU: Mwite mjuzi wa nasaba. Nasaba tumeipata kwa Waarabu zamani, imekaa pwani hii mpaka hakuna atakayekuuliza maana yake. Mwanajenealojia liache. Tena majirani zake hawatamwita kwa cheo chochote. Watasema "nenda kwa bibi yule, anajua nasaba za watu", na hapo msomaji keshaelewa. Mlolongo wa mtu, baba, babu na waliotangulia ni silsila. Kama bibi anachora na matawi, "mti wa ukoo" unatosha. "Mti wa familia" siutaki, kwa sababu familia ni watu wa nyumba moja, na bibi wako anawatafuta waliozikwa kabla Wajerumani hawajaanza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893. Hao ni ukoo.

Maswali yako yamekwisha. Sasa tuje kwenye ukurasa wako wa kwanza, maana umeandika hivi: "Anko wa marehemu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuulizia hati ya nyumba."

Anko yupi?

Nauliza kwa uchungu, kwa sababu neno hili nimekuwa nikilipigia kelele miaka nenda miaka rudi, na sasa limeingia hata kwenye hadithi ya nasaba, mahali ambapo halikupaswa kuvuka kizingiti. Anko anaweza kuwa kaka wa baba, ambaye ni baba mkubwa. Anaweza kuwa mdogo wa baba, yaani baba mdogo, na wote wawili watu wa pwani tunawaita ami. Anaweza kuwa kaka wa mama, mjomba. Anaweza kuwa mume wa shangazi, ambaye damu yake na ya marehemu hazijakutana popote. Siku hizi hata rafiki wa baba ni anko, na mwenye duka ni anko, na kondakta anayetaka nauli ni anko. Lugha yetu ilimpa kila mmoja jina lake na mahali pake pa kukaa msibani. Tumewakusanya wote, tumewavika kofia moja, halafu tunajiona tumeendelea.

Ungekuwa unaandika hadithi ya mapenzi, ningenung'unika nikakuacha. Lakini wewe unaandika hadithi ya mauaji kwa ajili ya nyumba, na sababu ya mauaji imo ndani ya neno ulilolitupa. Hebu tuhesabu. Marehemu ni Mwislamu, kaacha mke mmoja na binti mmoja. Wazazi wake, mababu na mabibi wamekwisha tangulia. Hana mtoto wa kiume, hana kaka wala dada, wala watoto wa kaka. Mke anachukua thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Binti anachukua nusu. Zinabaki thumuni tatu. Kama huyo "anko" ni ami, ndugu wa baba, basi yeye ni asaba, mrithi wa upande wa baba anayechukua kinachobaki, na thumuni tatu zile ni zake. Kama ni mjomba, hana kitu. Yuko katika wale wa upande wa tumbo ambao zamu yao haifiki maadamu asaba yupo, hata akiwa wa mbali. Mtu mmoja ana sababu ya kuua na mwenzake hana, na wewe umewaita wote wawili anko! Msomaji atamkamataje muuaji?

Tena uko Tanga, penye Wadigo. Mila yao ya zamani ilipitisha urithi upande wa mama: mtu alirithiwa na wapwa zake, watoto wa dada yake, siyo wanawe wa kuwazaa. Sheria ya Kiislamu ikaja ikampa mwana. Mila mbili zikakutana juu ya minazi ile ile. Kwa mila ya kwanza mjomba ndiye mzizi wa mali, kwa ya pili mjomba ni mgeni mheshimiwa. Mwandishi gani mwenye akili anakalia hazina kama hiyo halafu anaandika anko?

Na ukifika kwenye "mpwa", shika hapo hapo. Mpwa wa mwanamume ni mtoto wa dada yake. Mtoto wa kaka yake ni mwanawe, anamwita baba. Wanaoita kila mtoto wa ndugu mpwa wananiudhi karibu sawa na wenye maanko.

Binamu nimechoka kupigana nalo. Asili yake ni bin ami, mwana wa ami, na mwanamke alikuwa bintiami. Leo linabeba mtoto wa mjomba na wa shangazi, wa kike na wa kiume, na sitalirudisha nyumbani kwao peke yangu. Tumia. Ila mtoto wa baba mdogo, ingawa kwa asili neno ni lake, usimwite binamu mbele ya bibi wako. Huyo ni ndugu, na bibi atakukemea.

Msikilize bibi huyo anavyouliza. Kijana kaingia msibani, kasalimia, kakaa pembeni ya mkeka.

"We mtoto wa nani?"

"Wa Omari."

"Omari yupi? Omari bin Ali au Omari bin Saidi?"

"Bin Ali."

"Ali wa Pangani aliyemwoa dada yake mwalimu, au Ali wa Tongoni?"

Kwa maswali matatu amemfikisha kijana kwa babu yake. Ndio upelelezi huo, na unafanywa kila wiki katika mji wako bila kalamu. Tena mjukuu hupewa jina la babu, kwa hiyo Ali bin Omari na Omari bin Ali hupokezana kizazi hata kizazi, na mwenye haraka atamchanganya babu na somo wake. Hicho ni kidokezo kizuri cha kumpoteza msomaji kwa sura nzima. Usisahau na ndugu wa kunyonya: watoto wawili walionyonya ziwa moja hawaoani, na jambo hilo haliandikwi kwenye cheti chochote. Anayelijua ni bibi mmoja tu, na mtu mwenye siri ya ndoa atamwogopa kuliko polisi.

Sasa hukumu ya anko. Silifuti kabisa, maana vijana wanalisema na hadithi lazima isikike kama watu. Mwachie mtu mmoja tu, yule aliyekuja kuulizia hati. Yeye ajitambulishe hivyo kwa kila mtu, anko wa marehemu, na msimulizi wako asilitie neno hilo kinywani mwake hata mara moja. Ikifika sura ya mwisho, bibi amtake achague. Akisema ni ami, itabidi amtaje baba yake na babu yake, na babu huyo bibi alimzika. Akisema ni mjomba, hana fungu, na aeleze aliitakia nini hati.

Sahihisha, kisha nitumie ukurasa wa pili.