Jibu: Ndoana butu, ninoe au nitupe?

Ndugu, umeuliza kama ndoana iliyochoka inafaa kunolewa au ni ya kutupwa tu. Kwanza ipime. Buruta ncha taratibu juu ya ukucha wa dole gumba bila kukandamiza. Ikikwama na kuacha mkwaruzo, iko sawa. Ikiteleza, ni butu, hata kama imetoka kwenye pakiti leo.

Ndoana kubwa inoe kwa tupa ndogo yenye meno laini. Ibane ndoana kwa koleo, ncha ikitazama mbali nawe, kisha sugua pande mbili za ncha na umalizie upande wa nje. Peleka tupa kwa mwelekeo mmoja tu, usiende na kurudi kama unakata msumeno. Mara chache zinatosha, halafu rudia ukucha. Ukizidisha, ncha inakuwa nyembamba mno na itajikunja ikigonga mfupa wa taya la samaki. Kwa ndogo, tumia jiwe la kunolea; tupa inazila haraka.

Zile zilizonolewa kwa kemikali kiwandani mimi huzibadilisha tu, kwa sababu ni vigumu kuirudisha ncha ile kwa mkono. Iliyojikunja au kuliwa na kutu hadi ndani, itupe.

Na kumbuka kunoa huondoa ile rangi ya kuzuia kutu, kwa hiyo ncha mpya hushika kutu upesi. Ukitoka maji ya chumvi, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha kabisa, ndipo urudishe kisandukuni. Moja yenye unyevu huambukiza zote.