Shamba la Baba na "Mambo ya Beijing"

SWALI: Shikamoo mama. Nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, kwetu ni Murutunguru, Ukerewe. Baba alifariki mwaka jana. Aliacha wosia wa maandishi, baba mdogo na mwenyekiti wa kijiji wakishuhudia, kwamba shamba la michungwa na mihogo ni langu kwa kuwa ndiye niliyemuuguza. Nataka kuliuza niongeze mtaji. Kaka zangu wamekuja juu: shamba ni la ukoo, mwanamke haliuzi, na haki ninazodai ni mambo ya Beijing yaliyoletwa na Wazungu. Ni kweli?
*Msomaji, Kirumba*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba.

Si kweli. Huko Muleba, ng'ambo ya ziwa, alikuwapo mama wa Kihaya aitwaye Holaria Pastory. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia, kama wewe. Uzee ukamkuta hana wa kumtunza, akaliuza Agosti 1988 kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Kesho yake ndugu wa ukoo akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Mama alipohitaji wa kumtazama hakuonekana mtu. Lilipouzwa shamba, haikupita hata siku mbili. Jambo hilo linaniuma kila ninapolisimulia.

Kashasha walimpa ushindi yule ndugu. Mahakama ya Wilaya ikatengua, ikisema haki za binadamu zilikwisha kuingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Kesi ikaja Mahakama Kuu, hapa hapa Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua: ile kanuni ya mila iliyoandikwa 1963, inayomruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo lakini si kuliuza, inapingana na Katiba. Mwanamke auze kwa masharti yale yale ya mwanamume. Na masharti yenyewe sikiliza vizuri, maana yanakuhusu: mwanamume akiuza shamba la ukoo, ndugu wanaweza kulikomboa kwa kurudisha bei. Kwa hiyo yule ndugu akapewa miezi sita alipe zile 300,000, la sivyo shamba libaki kwa mnunuzi.

Hiyo ni miaka mitano kabla ya Beijing. Na huo mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing 1995, katibu mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. Kaka zako wakitaja Beijing wanamtaja dada yao wa kisiwani. Bibi Titi Mohamed naye alikuwa akiwahamasisha wanawake wa TANU tangu 1955. Halafu ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayompa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi.

Lakini sitakudanganya kwamba yamekwisha. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu kuzipinga kanuni hizo hizo za mirathi ya kimila zilizoandikwa 1963. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba zinawabagua, ikakataa kuzifuta. Wamesubiri mpaka 2015 ndipo kamati ya Umoja wa Mataifa ikasema wamedhulumiwa. Wewe una wosia. Wengi hawana, na hao ndio wanaoondoka na nguo zao tu.

Sasa, huo wosia. Katika kazi yangu ya usaidizi wa kisheria niliwahi kuletewa mmoja uliokunjwa ndani ya kanga miaka mingi, maandishi ya kwenye mikunjo yamefutika, pamoja na jina la mrithi. Tuliwatafuta mashahidi visiwa vizima. Toa nakala leo, moja mpe mtu unayemwamini. Kisha kafungue mirathi Mahakama ya Mwanzo ya kule alikoishi baba, ukiwa na cheti cha kifo. Wataulizia muhtasari wa kikao cha ukoo. Kaka zako wakigoma kukaa, mweleze hakimu hivyo, na baba mdogo aje kushuhudia.

Usipokee hata shilingi ya mnunuzi kabla mirathi haijakamilika. Ikikamilika, waite kaka zako mbele ya mwenyekiti, uwatajie bei aliyotoa mnunuzi. Wakilitaka libaki kwenye ukoo, wakulipe wewe hiyo hiyo, kwa maandishi, na uwape muda maalumu.