Wasomaji Wauliza: Kuhama jeshi bila kupoteza miaka ya kazi

Mwanangu alipata grinikadi kwa bahati nasibu, akaingia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Ana miaka mitano kazini, ni sajenti, dereva wa malori ya mizigo. Mkataba unaisha mwakani mwezi wa nane. Anataka kuhamia Jeshi la Anga akasomee ufundi wa ndege. Baba yake anasema ataanza moja kama kuruti na ile miaka mitano imekwenda na maji. Ni kweli? — Mama, Tukuyu

Shikamoo mama. Mwambie mzee atulie, miaka haipotei. Majeshi yote ya Marekani yana jedwali moja la mishahara, linaloangalia cheo na miaka ya utumishi, na miaka 20 ya kustaafu huhesabiwa jumla hata kama ameitumikia katika majeshi mawili. Akiba yake ya kustaafu, TSP, nayo inabaki palepale.

Kinachoweza kuguswa ni cheo na fani. Jeshi la Anga huchukua watu wachache waliotoka majeshi mengine, tena kwenye fani zenye nafasi tu, na cheo chake cha sasa kinaweza kushushwa. Depo, yaani mafunzo ya ukuruti, si tatizo kubwa kwa njia hii. Angekuwa anakwenda jeshi la Marine angerudia mafunzo yao ya wiki 13 kama kijana aliyetoka kidato cha nne jana, kwa sababu wao hawatambui depo ya mtu mwingine. Jeshi la Anga kwa kawaida halimrudishi depo askari aliyekwisha kuiva. Shule ya fani ndiyo ataanza mwanzo, na kwa ufundi wa ndege mafunzo mengi yako kambi ya Sheppard, Texas.

Milango ni miwili. Wa kwanza ni kumaliza mkataba, kupewa karatasi ya kuagwa inayoitwa DD 214, kisha kwenda kwa afisa uandikishaji wa Jeshi la Anga kama mtu aliyewahi kutumikia. Wa pili ni kuomba ruhusa ya masharti angali kazini, kwa fomu DD 368. Hii ndiyo inayowachanganya wengi. Fomu huanzia kwa afisa uandikishaji wa jeshi analokwenda, ndipo inapita kwa wakuu wake wa sasa. Kamanda wa kikosi hutoa maoni, lakini sahihi ya mwisho ni ya mamlaka iliyo juu yake. Mtu aliye kazini muda wote mara nyingi hukubaliwa mkataba ukiwa ukingoni, kwa hiyo anayeomba huku amebakiza miaka mitatu anachosha watu bure. Mwanao yuko kwenye wakati mzuri wa kuanza.

Ruhusa ikishatoka ina tarehe ya kuisha, na hapo ndipo mambo huharibika. Askari anaipata, anashangilia, halafu vipimo vya afya vinachelewa au nafasi ya fani haijafunguliwa, na tarehe inapita. Inabidi aombe upya. Mwingine anadhani DD 368 ni barua ya kuachishwa kazi, anaanza kuuza gari na kuvunja mkataba wa nyumba. Siyo! Mpaka asaini mkataba mpya, bado ni askari wa kikosi chake cha zamani. Na akipita mlango wa kwanza, ajue kwamba kati ya kuagwa na kuapishwa tena hakuna mshahara, hakuna posho ya nyumba wala bima ya familia. Awe na akiba ya miezi kadhaa. Kama alipokea bonasi ya mkataba na hakuumaliza, sehemu ambayo hajaitumikia hudaiwa. Siku za likizo zilizobaki anaweza kuziuza, lakini mwisho ni siku 60 kwa maisha yake yote ya jeshi, basi asizimalize kwa pupa.

Alama za mtihani wa kuingilia, ASVAB, Jeshi la Anga huzipiga hesabu kwa namna yake, katika makundi manne: ufundi wa mitambo, utawala, jumla na elektroniki. Anaweza kuwa alifaulu vizuri kwa udereva, kumbe kundi la mitambo liko chini. Aombe karatasi ya alama kabla ya kwenda kwa mtu yeyote. Zikiwa ndogo, aliye kazini hurudia mtihani huo kwa jina la AFCT kupitia kituo cha elimu cha kambi, na Jeshi la Nchi Kavu lina kozi ya kujinoa kabla yake, BSEP. Aisome kwanza.

Kubwa kuliko yote: je, amekwisha kuwa raia wa Marekani? Mwenye grinikadi anaruhusiwa kuwa askari, lakini kibali cha siri, yaani cha kushika habari za siri za serikali, kwa kawaida hakipati, na fani nyingi za ndege zinakidai. Aliye kazini hujaza fomu ya kuomba uraia, N-400, pamoja na N-426, ambayo jeshi lenyewe huthibitisha kwamba ametumikia kwa heshima, na halipi ada. Hilo litangulie DD 368. Lakini mjue pia kwamba sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Kama kuna kiwanja kwa jina lake, mwoneni mwanasheria kabla hajala kiapo, maana umiliki wa ardhi kwa asiye raia una masharti yake.

Na tumuulize swali ambalo pengine hajajiuliza: anataka ndege au anataka sare ya bluu? Kama ni ndege, Jeshi la Nchi Kavu lina helikopta nyingi sana. Akiongeza mkataba kwa chaguo la mafunzo, anaweza kupelekwa Fort Eustis, Virginia, kusomea ufundi wa Black Hawk, fani ya 15T, bila siku hata moja ya kukaa bila mshahara. Aende kwa mshauri wa mikataba wa kikosi chake, aulize kama fani hiyo iko wazi kwa cheo chake. Baada ya miezi 30 ya kazi ya mikono kwenye bodi na injini, anaweza kuomba kufanya mitihani ya cheti cha kiraia cha ufundi wa ndege cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani: mitatu ya kuandika, yenye maswali 60, 100 na 100, pasi ni asilimia 70, kisha wa mdomo na wa vitendo. Sisi tungeanzia mlango huo. Wa Jeshi la Anga ungekuwa wa akiba.

Njia yoyote atakayoshika, fani iandikwe ndani ya mkataba. Ahadi ya mdomo ya afisa uandikishaji haina pa kushikiwa.

Mimi ni mzaliwa wa Mafinga. Nilitoka Jeshi la Majini la Marekani miaka miwili iliyopita, sasa nataka Jeshi la Nchi Kavu. Nimepeleka DD 214, wanasema haitoshi. Kivipi?

Yawezekana umepeleka nakala fupi. DD 214 hutoka kwa nakala kadhaa. Ile ya "Member-1" haina sehemu ya chini inayoeleza uliondokaje, ambayo iko kwenye "Member-4". Kisanduku cha 24 ni aina ya utumishi wako, cha 26 ni msimbo wa kuondoka, cha 27 ni msimbo wa kurudi, cha 28 ni sababu kwa maneno. Wanakitazama cha 27 kwanza. RE-1 ni njia nyeupe, RE-3 inahitaji msamaha maalumu, RE-4 kwa kawaida imefunga.

Nakala huombwa bure kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya St. Louis, kwa fomu SF-180 au kwa mtandao. Kama msimbo umekosewa, marekebisho huombwa kwa DD 149, na kupandishiwa aina ya kuagwa kwa DD 293 ndani ya miaka 15. Kama unalipwa fidia ya ulemavu, sema mapema. Huwezi kupokea fidia hiyo na mshahara wa jeshi kwa siku zilezile, na kuficha ugonjwa siku ya vipimo kumewaondoa wengi ambao wangepewa msamaha.

Mimi ni askari wa JWTZ hapa Mbalizi. Mtoto wa kaka yangu yuko jeshi la Marekani, anabadili fani, na amepewa fomu ya uchunguzi. Anaogopa kunitaja. Anitaje?

Akutaje, afande. Fomu hiyo ni SF-86, ya kuombea kibali cha siri. Sehemu ya 18 inataka wazazi, ndugu wa kuzaliwa, wakwe na watoto. Baba mdogo hayumo, ila sehemu ya 19 inataka kila mgeni ambaye amekuwa na mawasiliano naye ya karibu au ya mara kwa mara kwa miaka saba, aliyefungamana naye kwa mapenzi au wajibu. Kama mnapigiana simu kila wiki, wewe umo, na mwajiri wako ataulizwa. Kuwa na ndugu mwanajeshi si kosa. Kudanganya ndani ya fomu ni jinai, kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano.

Sehemu ya 20 huuliza mali iliyo nje na fedha anazowapa wasio raia wa Marekani. Shamba la parachichi la Njombe kwa jina lake liandikwe. Ada anayomlipia mdogo wake kwa simu vilevile, hivyo atunze kumbukumbu za miamala. Wewe mpe jina, tarehe ya kuzaliwa, cheo na mwajiri, basi. Habari za kikosi wala zana haziombwi, na kabla hujampa hayo, zungumza na wakubwa wako kazini.

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, yote matatu, bila kufupisha. Mzazi asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa awekewe ya kukadiria, fomu ina alama ya hilo. Na anwani iwe ya mahali mtu anapolala: kitongoji, kijiji, kata, wilaya. S.L.P. peke yake itarudishwa.