Rekebisho lililo kwenye shina bado halijafika kwenye seva yako

Ndugu, umeuliza mambo mawili: kwa nini hitilafu ya Apache Kafka, programu huria ya kupitisha ujumbe kati ya mifumo, ambayo rekebisho lake liliingizwa kwenye msimbo wiki kadhaa zilizopita haijatoka katika toleo jipya, na kama kuna ubaya wa kuchukua msimbo huo mbichi na kuuweka kwenye klasta yenu, yaani kundi la seva zinazoendesha Kafka kwa pamoja, ambayo umesema bado inatumia toleo la 3.1.0. Nimesimamia klasta ya Kafka kwa miaka sita katika taasisi inayopitisha ujumbe wa malipo, na mara kadhaa nimepima rasimu za matoleo kabla hayajatangazwa, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyapitia.

Rekebisho kwa kawaida huanzia kwenye shina la mradi, ambako kazi zote mpya hukutana, zikiwamo zile ambazo hazijakomaa. Kutoka hapo hupandikizwa peke yake kwenye tawi la toleo linalohusika, yaani nakala ya msimbo inayotunzwa kwa ajili ya toleo hilo, na msimamizi wa toleo, ambaye ni mwanachama aliyejitolea kwa zamu hiyo, ndiye anayeamua lini tawi liko tayari. Kupandikiza huku ndiko kunakokula muda, kwa kuwa msimbo wa tawi la zamani mara nyingi haufanani tena na ule wa shinani, na rekebisho la mistari michache huweza kudai majaribio mengi. Mwezi Septemba 2022 udhaifu uliosajiliwa kwa jina la CVE-2022-34917, uliomwezesha mtu ambaye hajathibitishwa utambulisho wake kuilazimisha broka, yaani seva moja ya Kafka, kutenga kumbukumbu kubwa hadi iishiwe, ulirekebishwa kwa matoleo manne: 2.8.2, 3.0.2, 3.1.2 na 3.2.3. Ni kazi moja iliyofanywa mara nne, ili aliye kwenye tawi la zamani apate kinga bila kulazimika kuhama.

Baada ya hapo rasimu ya kwanza, inayoitwa rc0, huwekwa hadharani na kupigiwa kura kwa kawaida kwa muda usiopungua saa 72. Haipiti bila kura tatu za ndiyo za wajumbe wa kamati ya usimamizi wa mradi, na za ndiyo lazima zizidi za hapana. Kura yangu na yako hazimo katika hizo tatu, wala hakuna mwenye kura ya turufu. Hata hivyo, ukionyesha hitilafu nzito kwa ushahidi, rasimu huondolewa na rc1 hutengenezwa. Kwa maoni yangu saa hizo 72 ni zetu sisi watumiaji kuliko za mtu mwingine yeyote, na inanisikitisha kuona taasisi zinazotegemea programu hii mchana na usiku zikiziacha zipite bure.

Mimi hupakua kifurushi, huhakiki sahihi yake kwa funguo za mradi, hulinganisha alama ya SHA-512 (mfuatano wa herufi unaoonyesha kama faili limebadilika), hujenga programu kutoka msimbo, kisha hupitisha humo nakala ya ujumbe wetu wa siku moja, baada ya kuondoa majina na namba za simu. Usiku mmoja alama ya SHA-512 ilikataa kulingana. Nilipotazama ukubwa wa faili nikakuta limekatika njiani wakati wa kupakua. Nikalipakua upya na herufi zote zikalingana. Bila hatua hiyo ningeripoti hitilafu isiyokuwapo.

Ukali huu una sababu yake. Kifurushi kikishachapishwa kwenye Maven Central, hazina ya umma ambako watengenezaji wa programu huchukua vifurushi, hakibadilishwi tena kwa namba ileile. Ndivyo ilivyokuwa kwa 3.3.0 mwaka 2022: hitilafu kubwa iligunduliwa wakati vifurushi vimekwisha kupelekwa lakini kabla ya tangazo, mradi ukaamua kutolitangaza toleo hilo kabisa, ukatoa 3.3.1 na kuwashauri watu wasitumie 3.3.0.

Kwa hiyo usichukue msimbo wa shinani. Utapata rekebisho moja unalolitaka pamoja na mabadiliko mengi ambayo hakuna aliyeyapigia kura. Nendeni kwanza 3.1.2, iliyo kwenye tawi lenu na yenye kinga ya udhaifu nilioutaja. Kuhamia matoleo mapya, hasa 4.0 ya mwaka 2025 iliyoachana na ZooKeeper (programu ya pembeni iliyokuwa ikiratibu klasta), ni kazi inayohitaji mpango wake.

Mnapopandisha, zimeni broka moja, badilisheni vifurushi, iwasheni, kisha tazameni hesabu ya mafungu (sehemu ambamo ujumbe hugawanywa na kunakiliwa kwenye broka kadhaa) yenye nakala pungufu hadi irudi sifuri ndipo mwende kwenye inayofuata, na ile inayoshika udhibiti wa klasta iwe ya mwisho. Kwetu mwenzetu mmoja aliwahi kuzima broka ya pili wakati ya kwanza haijamaliza kunakili. Tulikuwa na nakala tatu za kila fungu na tumeagiza angalau mbili ziwe hai, hivyo yale mafungu yaliyobakiwa na nakala moja yakakataa kupokea ujumbe mpya, na kwa dakika kumi na moja foleni ya malipo ilijaa upande wa programu zinazotuma. Hakuna ujumbe uliopotea, kwa sababu programu hizo zilikuwa zimewekwa kusubiri uthibitisho wa nakala zote hai na kujaribu tena. Kagueni mipangilio hiyo miwili, wa idadi ya nakala zinazotakiwa kuwa hai na wa programu kusubiri uthibitisho na kujaribu tena, kabla ya kuzima broka ya kwanza.