Nilikamatwa kwa pombe ya jana

Ilikuwa saa 12:45 asubuhi, Jumapili. Nilikuwa nimeoga, nimevaa shati safi, tumboni nina chai ya maziwa na viazi vitamu vya kuchemsha. Pembeni yangu alikaa shemeji, mdogo wake mke wangu, anasinzia. Tulikuwa tunatoka Urambo kwenye harusi ya binamu yangu, tunarudi Tabora mjini. Usoke tumeshaipita, Ndono tumeiacha nyuma, na mimi nahesabu tu muda uliobaki kufika, kwa sababu saa 2 nilikuwa na mzigo wa mtu wa kupeleka Isevya. Naendesha kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ndiyo kazi yangu.

Trafiki wa kike akanyoosha mkono. Nikaegesha.

"Habari za asubuhi, dereva. Leseni."

Nikampa. Akaipokea bila kuitazama, akainama dirishani kama mtu anayetafuta kitu ndani ya gari. Alikuwa ananusa.

"Umekunywa?"

"Jana, afande. Harusini. Leo sijagusa kitu."

Hakubishana. Akaenda kwenye gari lao, akarudi na kile kimashine, akachana karatasi ya mrija mpya mbele ya macho yangu, akauchomeka. "Vuta pumzi, halafu puliza bila kukata mpaka nikwambie basi."

Nikapuliza kwa kujiamini kabisa, kifua mbele, na kujiamini kule kunaniuma mpaka leo. Kimashine kikalia. Akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. Tarakimu sikuzielewa, ila uso wake niliuelewa.

"Zima gari, shuka. Funguo naomba."

Naandika haya kwa sababu tangu siku ile nimekutana na madereva wengi, wa malori, wa Noah, wa bodaboda, na karibu wote wana imani ileile niliyokuwa nayo: kwamba ukilala, umelipa deni. Mtu anajua asiendeshe akitoka baa. Ya asubuhi hayajui.

Sheria inayotuhusu ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Inamkataza mtu kuendesha akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kukimudu chombo, na mbali na hapo inaweka kiwango: miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Ukivuka hapo, habari ya kusema "mimi pombe nazimudu" haipo tena. Unaweza kusimama kwa mguu mmoja ukaimba wimbo wa taifa wote bila kukosea, kosa lipo palepale, kwa kuwa kinachopimwa ni damu. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ziweke kiwango cha chini zaidi, miligramu 50, na 20 kwa madereva vijana na wapya. Kwa hiyo hiyo 80 yetu tayari ni ya kutuonea huruma.

Kingine ambacho watu hawakijui: sheria haimsubiri mtu atembeze gari. Hata kujaribu kuendesha ni kosa. Na kukataa kupuliza hakukuokoi, kunakuongezea tatizo jingine.

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo ningeijua kabla ya harusi ningekuwa mtu mwingine leo. Bia ya chupa ya nusu lita yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za pombe halisi. Ini la mtu mzima huchoma wastani wa gramu 7 hadi 10 kwa saa, na halina haraka. Hulikimbizi kwa kahawa, wala kwa maji ya baridi, wala kwa supu ya utumbo yenye pilipili na ndimu. Supu itakuchangamsha, utajiona mzima, kumbe umekuwa mlevi aliyechangamka. Chupa moja, basi, ni saa mbili hadi tatu.

Mimi nilianza saa 2 usiku, nikaacha saa 8. Bia sita. Gramu 120. Mpaka nasimamishwa zilikuwa zimepita takribani saa 11. Tuchukue gramu 8 kwa saa: zimeungua 88. Zilizobaki 32 zilikuwa zinasafiri na mimi kutoka Urambo.

Na hapo sijataja wanzuki.

Ambao si wa huku, wanzuki ni pombe ya asali. Mkoa huu ni wa asali, hilo kila mtu analijua, na ukienda harusi ya Kinyamwezi yenye wazee, huwezi kumaliza usiku bila mzee mmoja kukuita pembeni akakupa kibuyu. Ni tamu, inateremka kama juisi, na mtu wa kuiogopa hayupo. Shida yake ni kwamba haina karatasi ya kukwambia asilimia ngapi. Inategemea asali imewekwa kiasi gani, imekaa siku ngapi, na aliyeipika alikuwa na nia gani na wageni. Mjomba alinipa mara mbili. Kumkataa mjomba wako mbele za watu, harusini, siku hiyo sikuona kama inawezekana. (Leo najua inawezekana. Unasema "mjomba, naendesha alfajiri", unakishika kibuyu kwa mikono miwili, unagusisha mdomo, unamrudishia. Hajawahi kukasirika mtu.)

Turudi barabarani. Shemeji alikuwa ameamka. Akaninong'oneza maneno ambayo kila Mtanzania ameyasikia: "Ongea naye vizuri." Mfukoni nilikuwa na noti mbili za elfu kumi za nauli ya mzigo. Mkono ulishaingia mfukoni, sidanganyi. Kilichonirudisha si uadilifu, ni kwamba yule afande alikuwa na mwenzake anayeandika, nikaogopa. Nashukuru niliogopa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamkamata anayetoa sawasawa na anayepokea. Ningekuwa nimegeuza kosa la barabarani kuwa kesi ya TAKUKURU, kwa elfu ishirini.

Kituoni wanakuandika, wanakuambia vua mkanda, vua viatu, toa simu, toa pochi, vyote vinaorodheshwa kaunta. Ukishakaa kwenye sakafu ya saruji ukiwa na soksi, na shati lako safi la harusini, akili inarudi yote kwa mara moja. Nilimkumbuka mwenye mzigo wa Isevya. Simu yangu ilikuwa inaita kaunta, naisikia, siwezi kuipokea. Aliita mara nne. Mara ya tano hakuita, na huyo mteja sijampata tena mpaka leo.

Kuhusu dhamana, shikeni hili, linasaidia na siku ya mambo mengine pia: dhamana ya polisi kwa kosa linalodhaminika hailipiwi. Mnachohitaji ni mdhamini anayeeleweka, mwenye kitambulisho cha NIDA na barua ya mtendaji wa mtaa wake. Ubaya wangu ni kwamba ilikuwa Jumapili na mtendaji alikuwa kanisani. Mke wangu alimsubiri nje mpaka ibada ikaisha, akamweleza shida mbele ya waumini wanaosalimiana. Mtaa mzima ulijua kabla sijatoka. Adhabu hiyo haimo kwenye sheria yoyote.

Kama siku moja itakukuta, ushauri wangu ni mfupi. Simama unaposimamishwa, kukimbia ndiko kunakoua watu. Usibishane. Jibu kwa heshima, puliza, omba uoneshwe kilichosomeka. Kituoni, kabla hujasaini maelezo yako, yasome yote, na kama kuna sentensi hujaisema, iseme hapohapo irekebishwe. Piga simu kwa mtu anayeweza kuacha alichonacho akaja, maana rafiki wa kunywa naye siku hiyo simu huwa haina chaji.

Nilisomewa shitaka mahakamani, nikakiri. Faini niliyolipa sitaitaja, na nina sababu. Mara zote mbili nilipoitaja kijiweni niliona watu wanapiga hesabu usoni: "Aa, hiyo tu? Mbona inalipika." Wakati faini ilikuwa kipande kidogo kabisa. Kirikuu ililala kituoni siku kadhaa bila kuingiza hata senti. Leseni ilishikiliwa miezi sita, na dereva asiye na leseni ni mtu anayejua kukaa kwenye kiti fulani tu. Nikaajiri kijana aendeshe gari langu mwenyewe, mimi nakaa upande wa abiria kama mgeni, namwelekeza njia anazozijua. Hesabu anayoniletea jioni ilikuwa haikai sawa hata siku moja, na nilikuwa sina ubavu wa kumfukuza.

Tena usichanganye na zile faini za cheti za papo kwa papo, ambazo kwenye bajeti ya mwaka 2021/22 serikali ilizishusha kwa bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Wapo vijana wanaodhani kila kosa la barabarani lina bei hiyo. Pikipiki nayo ni chombo cha moto, na anayeiendesha amelewa anaingia kwenye sheria ileile ya mwenye lori. Kisha pikipiki ina ubaya wake: gari likiyumba lina magurudumu manne ya kulisamehe.

Na haya yote ni pale ambapo hujagonga mtu. Ukigonga, unahama darasa. Kunakuja kosa la kusababisha majeraha au kifo kwa uendeshaji wa hatari, kunakuja PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kwa ajili ya majeruhi, na kunakuja suala la bima ambalo watu wengi hulisoma siku wameshachelewa. Bima kubwa, ile mtu anailipia akitembea kifua mbele, kwa kawaida ina kifungu kinachosema dereva akiwa amelewa, gari lako halitengenezwi. Nenda kaichukue karatasi yako leo uisome, sehemu ile ya maandishi madogo. Mimi nina bima ndogo tu, kwa hiyo sikuwa hata na hilo la kupoteza.

Kuna kijana mmoja wa bodaboda tuliyekuwa tunakaa naye kijiwe kimoja Ipuli. Alirudi msibani alfajiri, amekesha, amekunywa kidogo cha kukata baridi, kama walivyosema wenzake. Alikuwa peke yake barabarani. Hakuna lori, hakuna ng'ombe, hakuna shimo. Tulimkuta mtaroni, pikipiki bado inaunguruma, gurudumu la nyuma linazunguka. Alipona, ila mguu wa kulia haukunji. Sasa anauza vocha. Nikimpita ananiita "mwalimu" kwa sababu ya maneno yangu haya ya pombe, na sijui kama ananitania.

Watu huniuliza kama nimeacha. Sijaacha. Nachukia makala za watu walioacha halafu wanawahubiria ambao hawajaacha. Nilichobadilisha ni kupanga kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa, kwa kuwa baada ya ya tatu mimi ndiye dereva bora Tanzania nzima na hakuna wa kuniambia kitu. Harusi ya mbali nakwenda na basi. Ya karibu nakwenda na bodaboda ya mtu ninayemjua, ambaye najua hanywi. Nikilazimika kwenda na gari, basi nakunywa soda usiku kucha na kuvumilia maneno ya shangazi kwamba nimeokoka. Na kuzimua asubuhi, ile chupa moja ya kutoa loki, kama unaendesha siku hiyo, ifute kabisa kichwani. Unaongeza gramu 20 juu ya deni ambalo hujamaliza.

Nyumbani, funguo za kirikuu nikirudi nimekunywa zinaingia kwenye kopo la sukari, na kopo la sukari ni la mke wangu. Asubuhi nikizitaka ananiuliza maswali matatu: chupa ngapi, ya mwisho saa ngapi, na kulikuwa na wanzuki? Kisha anahesabu kwa vidole, polepole, huku anakoroga uji wa watoto. Kwa wanzuki anaongeza saa anazojua yeye. Jumapili iliyopita hesabu yake iliishia saa 9 alasiri. Nilikuwa na mzigo wa magunia matano ya mchele Kiloleni. Nikampigia mwenye mzigo kumwomba asubiri, akanung'unika, akasubiri.