Stelingi ni yule sokwe: kwa nini Planet of the Apes mpya zimenishika

Mleta mada ameuliza mambo mawili. Je, mtu mzima ana sababu ya kukaa kutazama "manyani ya kompyuta"? Na akiamua kutazama, aanze na Planet of the Apes za zamani au hizi zilizoanzishwa upya? Wengi wamemjibu kwa kifupi, "anza na ya 2011 mkuu". Ni kweli. Ila mimi nina maneno zaidi ya hapo, na nitafichua mambo ya hizi mpya, kwa hiyo asiyetaka kujua apite.

Kwanza, mkuu, siyo manyani. Mimi ni mtu wa Kigoma, na kwetu ukimwita sokwe nyani hata watoto watakucheka. Nyani ana mkia na anakumalizia mahindi shambani. Sokwe hana mkia, na ana mambo yake. Kwenye hizi filamu kuna sokwe, gorila, orangutani na bonobo (ndugu wa karibu wa sokwe), basi. Ni jambo dogo, lakini linaniuma kama linavyomuuma mtu wa Ujiji akisikia dagaa wake wanafananishwa na wa Mwanza.

Sasa nianze na banda la video. Ilikuwa 2012, maeneo ya Mwanga hapa Kigoma, kiingilio mia mbili. Mabenchi ya mbao, blanketi mlangoni kuzuia mwanga, jenereta inanguruma nyuma. Mtafsiri wetu alikaa pembeni ya deki na maiki yake. Kwa ambao hamkukulia mabandani, mtafsiri hakuwa mtu wa kugeuza Kiingereza kuwa Kiswahili tu. Alikuwa anatia chumvi, anawapa watu majina, na hata mbwa akipita anamtungia mawazo yake. Siku hiyo alituwekea Rise of the Planet of the Apes, na kabla haijafika mbali, ubishi ukaanza: stelingi, yaani mhusika mkuu, ni nani?

Wenye uzoefu walisema ni yule mzungu, daktari, yaani James Franco. Ndivyo muvi zilivyo. Daktari anatafuta dawa ya ugonjwa wa kusahau, baba yake mwenyewe anaumwa, anajaribu dawa kwa sokwe, mambo yanaharibika. Sokwe jike aliyepewa dawa anapigwa risasi, halafu inagundulika alikuwa anamlinda mtoto mchanga. Daktari anamchukua yule mtoto nyumbani na kumlea. Jina lake Caesar. Mtafsiri alimwita "Siza" na sisi wote tukamwita hivyo hivyo.

Kuna mahali Siza amekua kidogo, wamempeleka kwenye msitu wa miti mirefu nje ya San Francisco, shingoni ana kamba. Anakutana na mbwa, naye ana kamba. Anamwangalia mbwa. Wanaporudi kwenye gari hakubali kupanda nyuma, anakwenda kukaa kwenye kiti kama mtu. Kisha anamuuliza daktari kwa lugha ya alama: mimi ni mnyama wa kufugwa? Mtafsiri aliisema ile kwa sauti ya chini, bila mbwembwe. Jamaa mmoja wa benchi la mbele akageuka nyuma na kusema, "Basi, stelingi ni huyu." Hakuna aliyembishia tena.

Hapo ndipo ilipo siri ya hizi mpya, na ndiyo sababu nazitetea. Filamu ya kwanza, ya 1968, iliyotokana na riwaya ya Mfaransa Pierre Boulle ya 1963, stelingi ni binadamu. Charlton Heston anadondoka kwenye sayari ambako sokwe ndio wanaongea na watu ndio wanafungiwa, na sisi tunaogopa pamoja naye. Ni filamu nzuri sana, mwisho wake mpaka leo unanipa baridi, na John Chambers alipewa Oscar ya heshima kwa kazi ya zile sura za kubandika, wakati tuzo ya kawaida ya vipodozi ilikuwa bado haijaanzishwa. Lakini muda wote unamtazama sokwe kutoka upande wa mtu. Zikafuata nne mpaka 1973, nyingine nzuri, nyingine za kulazimisha. Mwaka 2001 Tim Burton akajaribu kuianzisha upya. Sura za kubandika zilikuwa safi kuliko zote, hadithi ikawa haina moyo. Ya 2001 ruka tu, hutakosa kitu.

Walioandika ile ya 2011, Rick Jaffa na Amanda Silver, pamoja na mwongozaji Rupert Wyatt, walihamisha kiti. Badala ya kuuliza "ingekuwaje binadamu awekwe kwenye kizimba", wakaanza na sokwe aliyelelewa sebuleni halafu akapelekwa kizimbani. Wazo la sokwe anayeitwa Caesar kuongoza uasi lilikuwepo tayari kwenye ile ya 1972. Ila kule habari ni ya uasi wenyewe. Huku unaona siku ile alipoanza kubadilika, na unaona kwa kitu kidogo kabisa: dirisha. Kwenye chumba chake cha darini kuna dirisha la duara analotumia kuchungulia mtaa. Akishafungiwa, anachora lile dirisha ukutani kwa chaki. Baadaye, alipoona daktari anaondoka bila kumchukua, anaufuta ule mchoro kwa mkono wake. Hakuna neno linalosemwa. Mtafsiri wetu naye alinyamaza, na kumnyamazisha mtafsiri yule haikuwa kazi ndogo.

Halafu ikaja ile sehemu. Mlinzi katili wa kituo alikofungiwa Siza anakuja na fimbo ya umeme, Siza anamkamata mkono, mlinzi anamtukana amwachie. Siza anasimama wima na kunguruma: "Hapana!" Neno moja. Kumbuka, kwa saa nzima mtafsiri alikuwa anamsemea Siza kila anapokunja uso. Jenereta peke yake ndiyo ilikuwa inasikika. Kisha mtafsiri akasogeza maiki akasema, "Hapo sijasema mimi. Kasema mwenyewe." Banda lilipiga kelele mpaka mwenye nyumba jirani akaja kuchungulia.

Sasa kuhusu "ya kompyuta". Hakukuwa na sokwe wa kweli hata mmoja kwenye ule uigizaji. Andy Serkis alivaa suti ya kijivu yenye vialama, kamera ndogo imening'inia mbele ya uso wake, na kampuni ya Weta ya New Zealand ikageuza kila mkunjo wa uso kuwa wa Siza. Serkis huyu huyu ndiye aliyecheza King Kong ya 2005, na kwa ajili ya kazi ile alikwenda mpaka Rwanda kuwatazama gorila wa milimani. Zote nne hizi mpya (2011, 2014, 2017 na 2024) zimeteuliwa Oscar ya madoido ya picha, yaani visual effects, na zote nne zimekosa. Hilo sijawasamehe.

Mimi niliamini ule uso kwa sababu nyingine. Mwaka 2015 nilipata kazi ya siku mbili ya ukalimani, nikapanda boti na wageni kwenda Gombe. Hakuna barabara ya gari, ni ziwani tu kutoka mjini, unafuata ufukwe kwenda kaskazini. Watu wa nje wanaijua kwa ajili ya Jane Goodall, aliyefika pale Julai 1960 na kumwona sokwe akichokoa mchwa kwa kijiti, jambo ambalo wasomi walidhani ni la binadamu peke yake. Kuna jike alikuwa ameketi na mtoto, tuko mbali naye kwa hatua kadhaa kama sheria inavyotaka. Aliinua macho akanitazama kama mama muuza dagaa anavyomtazama mtu anayeuliza bei na hana hela. Akarudi kwenye shughuli zake. Nikajisemea, Serkis hakuongeza chumvi.

Na kuna jingine la Gombe ambalo watazamaji wengi hawalijui. Kwenye Dawn of the Planet of the Apes ya 2014, iliyoongozwa na Matt Reeves, Siza ana sheria kuu: sokwe hamuui sokwe. Mtazamaji wa kwingine anadhani ni kanuni nzuri itakayoharibiwa na watu. Lakini Gombe kati ya 1974 na 1978 kundi lililogawanyika lilipigana, Kasakela dhidi ya Kahama (Kahama ya bonde la mto kule Gombe, siyo ya migodi), mpaka madume ya upande wa Kahama yakamalizwa moja baada ya jingine. Kwa hiyo nilipomwona Koba, mmoja wa wafuasi wa Siza, akianza kumpinga sikusubiri binadamu amharibu. Nilikuwa najua tayari.

Koba ndiye adui bora kabisa wa hizi filamu, kwa sababu ana haki ya kuwa na hasira. Ni bonobo aliyekaa maabara miaka mingi. Siza anapotaka kuwaachia watu wafanye kazi yao kwenye bwawa la umeme, Koba anamwonyesha makovu mwilini, moja moja, na kwa kila kovu anasema: kazi ya binadamu. Utamjibu nini? Siza mwenyewe hakuwa na jibu la kueleweka.

Kasoro zipo. Ile ya 2011 mchumba wa daktari hana kazi, yupo tu kama kalenda ukutani. War for the Planet of the Apes ya 2017 naipenda, lakini imejaa mateso hadi kuna mahali unataka kuwaambia "tumeelewa". Kingdom of the Planet of the Apes ya 2024, ya Wes Ball, inaruka vizazi vingi mbele, na inaanza polepole mno. Ila ina wazo moja tamu: mfalme anayejiita Proximus Caesar anatumia maneno ya Siza, "sokwe pamoja wana nguvu", kuwafanyisha wenzake kazi za shuruti. Mnaopenda kusikia viongozi wakinukuu waasisi kwenye mikutano mtaielewa haraka.

Mpangilio wangu kwako mkuu: 2011, 2014, 2017 mfululizo, kisha rudi 1968, ndipo uende 2024. Ukiitazama ya zamani baada ya hizo tatu utaona vitu vilivyopandwa. Mama yake Siza anaitwa Bright Eyes, jina ambalo ya 1968 sokwe wanampa Heston. Kwenye ya 2011 kuna habari fupi kwenye televisheni ya chombo kilichorushwa kwenda Mirihi. Usipofumba macho utaiona.

Na kwenye ya 2014, subiri pale Koba anapowaendea walinzi wawili wenye silaha, wanakunywa, naye anajifanya sokwe mjinga wa sarakasi, anabinua midomo, anajigaragaza, anapewa chupa. Banda zima tulicheka. Ukimaliza hiyo sehemu rudi hapa useme kama na wewe ulicheka, na uliacha kucheka dakika gani.