Fedha za Neymar Ziliinunulia Barcelona Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu tumebishana kwa muda mrefu kuhusu usajili wa Barcelona baada ya Neymar kuuzwa PSG, klabu ya Paris, mwaka 2017 kwa euro milioni 222. Wenzangu wanashikilia kwamba Philippe Coutinho na Ousmane Dembélé hawakuwa hasara, kwa kuwa walilipiwa kwa fedha hizo na timu iliendelea kutwaa ubingwa wa Hispania. Mimi naona fedha zilipotea. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, niko upande wako, ingawa si kwa sababu ya ukubwa wa bei peke yake. Fedha zilizotoka Paris zilikuwa mali ya Barcelona tangu siku zilipoingia, na kila euro iliyotolewa kwa wachezaji hao wawili ingeweza kutumika kuziba pengo jingine. Ubingwa wa 2018 na 2019 ulipatikana, ni kweli, lakini kikosi cha Lionel Messi kilikuwa kimezoea kuutwaa hata kabla yao.

Mzigo mkubwa ni Coutinho. Alitoka Liverpool katika dirisha dogo la Januari 2018 kwa euro milioni 120, pamoja na nyongeza zilizoweza kufikia milioni 40, kwa mkataba wa miaka mitano na nusu. Kwa kuwa wahasibu huigawanya ada ya uhamisho kwa miaka ya mkataba, milioni 120 hizo zilikuwa gharama ya takriban milioni 22 kwa mwaka, kabla ya mshahara. Mchezaji wa namna hiyo akishuka kiwango, klabu hubanwa kotekote: ikimuuza kwa bei iliyo chini ya kiasi kilichosalia vitabuni huandika hasara, na ikimbakiza huendelea kumlipa. Barcelona ilimpeleka Bayern Munich kwa mkopo, na Agosti 2020 aliingia akitokea benchi akaifunga klabu iliyokuwa ikimmiliki mabao mawili katika kile kipigo cha 8-2, usiku ambao hata asiye shabiki wao aliuonea uchungu. Naamini kosa lilikuwa la kimpira kabla ya kuwa la fedha, kwa sababu akiwa Liverpool alizoea kuanzia kushoto na kuingia katikati, na eneo hilo Barcelona lilikuwa himaya ya Messi.

Liverpool, kwa upande wao, walijua mahali palipovuja. Pauni milioni 75 walizolipa kwa Virgil van Dijk mwezi huohuo zilionekana nyingi mno kwa beki, kisha wakamsajili golikipa Alisson kutoka Roma katikati ya mwaka. Mabao waliyofungwa katika ligi yalishuka kutoka 38 msimu wa 2017/18 hadi 22 msimu uliofuata, na Mei 2019 wakiwa na wawili hao waliitoa Barcelona kwa 4-0, baada ya kufungwa 3-0 katika mechi ya kwanza, wakaenda kutwaa ubingwa wa Ulaya.

Kwa Dembélé ningekuwa mpole zaidi. Alinunuliwa kutoka Borussia Dortmund kwa euro milioni 105 na nyongeza juu yake, akaumia msuli wa paja mwezi uleule wa Septemba alioanza kuchezeshwa, na majeraha yakamwandama kwa miaka. Alipokwenda PSG mwaka 2023 aliuzwa kwa takriban nusu ya bei hiyo, na mwaka 2025 akatwaa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora duniani. Waliomchagua hawakukosea kukiona kipaji chake. Kilichokosekana ni mwili uliotulia, na hilo halikuwa mikononi mwa aliyetia saini hundi.